Maneno Yenye Tiki

Kibiti,
12 Mei 2024

Kwako Shangazi Mwajabu,

Shikamoo Shangazi. Naamini karatasi hii itakukuta na afya, na Baba naye, na kuku wako weupe, kama kicheche amekubakizia. Mimi sijambo. Maji ya mvua yamepungua na bweni limekauka, ila magodoro bado yananuka. Sikukupigia simu kwa sababu simu ya matroni ni ya ugonjwa na msiba tu, na mimi sina kimoja wala kingine, alhamdulillahi.

Ninakuandikia wewe kwa kuwa Baba mwenyewe alisema yeye hana barua, ana maneno. Basi umsomee haya. Mwalimu Blandina amechagua wanafunzi wanne wa klabu ya maneno kwenda kushindana na shule nyingine, nami nimo. Ni mchezo uleule tuliocheza nyumbani kwa herufi alizokata Baba kwenye maboksi ya oili, ila huku herufi ni za plastiki na zinatolewa mfukoni, saba saba, kisha unajenga neno la Kiingereza ubaoni. Herufi ngumu ndiyo yenye pointi nyingi. Mwambie natafuta maneno yenye Q ambayo hayana U, kwa sababu Q ikikuangukia na U huna, unakaa nayo kama mgeni asiyeaga.

Shindano ni Jumamosi tarehe 21 Septemba, pale Bungu. Wazazi wanaruhusiwa kukaa mbele. Shangazi, nataka Baba aje. Tangu aliponiacha getini nikiwa kidato cha kwanza hajafika tena huku, na hajawahi kuniona nikicheza na mtu mwingine isipokuwa yeye. Mwambie asijali nauli ya pikipiki kutoka bandarini Nyamisati, nimeshaambiwa gari la shule litamfuata hukohuko.

Mwanao,
Salwa


Kiongoroni,
30 Mei 2024

Mwanangu Salwa,

Marahaba, marahaba tena. Barua imefika kwa mkono wa Azan nahodha, imelowa pembeni na inanuka kamba wake, lakini imesomeka. Kuku wanne wazima, wa tano tusimtaje. Maimuna jirani anakusalimu, anasema urudi umsaidie kumsuta mumewe kwa Kiingereza.

Baba yako nilimsomea akiwa ameinamia injini ya watu, tumbo la injini lote liko nje. Nilipofika kwenye Q akaninyamazisha kwa spana. "Q bila U? Hao ni wa kwetu hao!" Akaingia ndani kutafuta kamusi. Mwenye injini anapiga kelele, "Fundi, maji yanakupwa, nitakwama!" Fundi hasikii. Katoka na karatasi hii unayoiona, mwandiko wake mwenyewe:

QIBLA. FAQIR. QADI. WAQF. TALAQ.

Nikamuuliza, "Kaka, hiki ni Kiingereza au unamfundisha mtoto chuo cha Kurani?" Akacheka mpaka akaketi. "Waingereza wameazima, Mwajabu. Hawajarudisha tu." Anasema pia usimdai maneno ya A na B, kwa kuwa unajua panya waliila kamusi yake mpaka CABBAGE.

Kuhusu Bungu, atakuja. Ameshamwambia Azan amwekee nafasi, miezi minne kabla! Jana kaniuliza watu wa Bungu huvaa nini. Nikamwambia unakwenda kutazama mtoto, huendi kuposa.

Soma mwanangu.
Shangazi yako, Mwajabu


Kibiti,
20 Juni 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Idi njema japo imepita. Sisi tulipikiwa pilau na nyama vipande viwili kila mtu, nami nilikula vyangu nikiwakumbuka. Hatuji nyumbani likizo hii wala ya Septemba. Kidato cha nne wote tupo kambi ya masomo hadi mtihani wa Novemba. Nilijua, lakini geti lilipofungwa nyuma ya wenzetu wa kidato cha tatu nilijisikia vibaya.

Mwambie Baba QIBLA imefanya kazi. Mwalimu Blandina, mtu wa Songea, Mkristo, alidhani ninamchezea. Akafungua kamusi kubwa ya shule, akapitisha kidole, akavua miwani. "Salwa, hili umelitoa wapi?" Nikamjibu, "Kwa fundi wa injini, Mwalimu." Darasa likacheka lakini yeye hakucheka. Akasema angependa kumjua mtu huyo. Nikamwambia atamjua tarehe 21 Septemba.

Sasa nahitaji maneno yasiyo na A, E, I, O wala U hata moja. Yapo, nimeambiwa. Mara nyingi nachota konsonanti saba tupu na kukaa nikizitazama. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa ninatafuta mawili, matatu, lakini Baba anayo macho ya kuyaona haraka.

Shangazi, nina jambo la kumwambia Baba ila naona haya kulisema ana kwa ana. Nikifaulu, nataka kusoma Kiingereza mpaka chuo kikuu. Si kwa ajili ya kazi ya mjini. Nataka kujua kwa nini maneno yanakuwa yalivyo. Umwambie akiwa ameshiba.

Mwanao,
Salwa


Kiongoroni,
9 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Azan anaondoka sasa hivi, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Baba yako mkono wa kulia umemlemea kidogo, ndiyo maana unaona mwandiko wangu. Maneno ni yake herufi kwa herufi. Mimi nimekuwa kalamu tu.

RHYTHM. NYMPH. LYNX. CRYPT. HYMN.

Maneno gani haya, mwanangu? Hayana hata pa kuvutia pumzi.

Lile la chuo kikuu nimemwambia. Alifurahi.

Shangazi Mwajabu


Kibiti,
28 Julai 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo Shangazi. Natumai mko wazima. Mimi sijambo, mtihani wa majaribio nimekuwa wa nne kati ya wasichana.

Maneno nimeyapokea na yote matano ni sahihi. RHYTHM nimelitumia juzi, likanipa ushindi. Lakini barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko maneno. Umeandika mkono "umemlemea kidogo." Kidogo ni kiasi gani? Anashika spana? Anashika kijiko? Amepelekwa hospitali? Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi hivyo. Hata Azan akiwa amewasha injini wewe humsimamisha kwa matusi mpaka umalize.

Halafu hukusema lolote kuhusu Bungu.

Mwambie aniandikie hata herufi moja kwa mkono wa kushoto. Isiwe nzuri, sijali. Na kama ana nguvu, safari hii natafuta maneno yenye J na X humohumo ndani, kwa sababu herufi hizo mbili zikikaa pamoja hakuna wa kunifikia. Asijilazimishe. Akipata moja linatosha.

Shangazi, niambie kweli. Mimi ni mkubwa sasa.

Salwa


Kiongoroni,
25 Agosti 2024

Mwanangu mpenzi Salwa,

Marahaba mama. Usiwe na wasiwasi, sisi wazima. Habari za huku ni nyingi mpaka sijui nianzie wapi. Mbuzi wa Maimuna amezaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja wa madoa, na mume wa Maimuna anadai yule wa madoa hamjui baba yake. Bei ya kaa imepanda, kila mtu yuko kwenye mikoko, hata imamu nimemwona na kapu. Kisima cha msikitini kimefukuliwa, maji sasa yana chumvi kidogo tu. Mwanaidi wa kule juu ameolewa Mafia. Tulikula, tukacheza, nikatonesha goti langu lile.

Baba yako anakusalimu sana. Kuhusu kuandika kwa mkono wa kushoto, wewe mwenyewe unajua mkono huo kwetu una kazi yake, haushiki kalamu ya barua!

Bungu hataweza kufika. Injini ya boti ya zahanati imeharibika, na hakuna fundi mwingine. Anaomba umwie radhi. Anasema ucheze kama vile amekaa mbele.

Maneno yako haya hapa, sikuacha hata nukta:

WHARF ✓ WRIST ✓ SWORN ✓ WHELK ✓ DWARF ✓

Hujapungukiwa mafuta ya kupaka? Nimempa Azan chupa na visheti.

Shangazi yako akupendaye,
Mwajabu


Kibiti,
22 Septemba 2024

Kwako Shangazi Mwajabu,

Shikamoo Shangazi. Mafuta nimeyapata, na visheti vilifika vitano. Azan aliapa vilikuwa vitano tangu mwanzo. Nawapongeza mbuzi.

Jana tulikwenda Bungu. Ukumbi ulijaa, feni moja tu inazunguka. Zilikuja shule tatu, sisi, wenyeji, na ya Nyamwage. Kabla ya kuanza, msimamizi aliomba kila mchezaji amtambulishe mzazi wake. Wenzangu walinyoosha mikono na watu wao wakasimama, mama mmoja akapiga vigelegele mpaka mtoto akajificha. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Baba amekwamia kwenye boti." Msimamizi akasema, "Haya, ndiyo maisha ya delta." Watu wakacheka kidogo, cheko la upole tu. Mwalimu Blandina akanyanyuka akaja kukaa kwenye kiti cha mbele kilichokuwa wazi. Hakuniangalia.

Mpinzani wangu wa mwisho alikuwa Shedrack, mvulana wa Bungu, mrefu, anaongea kama redio. "We mtoto wa mikoko, huko kwenu mnatafuta maneno au mnatafuta kaa?"

Nikamwambia, "Vyote viko kwenye matope. Ukiogopa kuchafuka hupati kimoja."

"Duh! Haya, tuone."

Tulikwenda sawa hadi mfuko ukakauka. Mwishoni alinizidi pointi sita, kwa sababu nilibaki na J mkononi na sikuwa na pa kuiweka. Nimekuwa wa pili katika shule tatu. Nimepewa kamusi mpya, nzima, yenye A na B. Shedrack alinipa mkono akasema, "Mwakani, mikoko." Nikakumbuka kuwa sisi mwakani hatupo.

Shangazi, usijisumbue kutuma maneno tena. Niliyonayo yananitosha hadi mtihani. Naomba ule vizuri. Na usilale peke yako pale nyumbani, mwambie Maimuna aje alale na wewe.

Salwa


Kiongoroni,
24 Novemba 2024

Mwanangu Salwa,

Barua hii nimempa Azan ampe Mwalimu Blandina mkononi, naye akupe ukishaweka kalamu chini mtihani wa mwisho. Kaa kitako kabla hujaendelea.

Baba yako hayupo. Kiharusi kilimpiga tarehe 2 Julai, akiwa amekaa mlangoni anasafisha plagi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi nao. Tulimpeleka hospitali kwa boti ya Azan, tukakaa siku nne, tukarudishwa na dawa. Nilipokuandikia tarehe 9 alikuwa hai, mwanangu, sikukudanganya siku ile. Zile herufi za maboksi nilizitandaza kitandani, naye akaninyooshea kwa kidole cha kushoto, moja moja. RHYTHM lilimchukua tangu adhuhuri hadi alasiri. Nilimwambia, "Kaka pumzika, mtoto ataelewa." Akatikisa kichwa. Ukakasirika uso wake kama zamani.

Yalipokwisha maneno yako, akaendelea kunyoosha. Nilidhani ni Kiingereza, naandika tu. Kumbe ananiandikia mimi: MTIHANI KWANZA.

Alifariki Jumatano tarehe 24 Julai, alfajiri. Tulimzika baada ya adhuhuri, kando ya mama yako. Matroni wenu nilimpigia mwenyewe, nikamwomba yeye na Mwalimu Blandina wanyamaze. Ile barua yako ya kuomba herufi moja ya mkono wa kushoto ilinikuta msibani, watu wamejaa, nikaisomea jikoni kwenye moshi ili nikilia ionekane ni moshi. Baada ya hapo nilichukua daftari lake la maneno nikakunakilia ukurasa, mimi nisiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Kwetu mtoto aliye kwenye mtihani haambiwi msiba. Ndivyo tulivyokuta. Mimi nikiwa darasa la saba, babu yako alifariki, nikapelekwa kwa ndugu ng'ambo ya mto nisikie mtihani tu. Niliporudi nikiwa nimefaulu, nilikuta kitanda chake kimeshapewa mtu. Niliapa sitamfanyia hivyo mtoto wa mtu yeyote. Nimekufanyia wewe. Nilijiambia ni wasia wa baba yako, na ni kweli wasia wake, lakini kalamu ilikuwa yangu.

Njoo nyumbani.

Mwajabu


Kibiti,
30 Novemba 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo.

Mwalimu Blandina amenipa barua yako jana saa nane, tulipotoka chumba cha mtihani. Alikaa nami kwenye ngazi za maktaba nilipokuwa naisoma. Nilipomaliza nikamwambia, "Mwalimu, nilikuwa najua." Akalia yeye.

Nilijua tangu tarehe 2 Septemba, siku niliyopata barua yenye mbuzi. Niliomba maneno yenye J na X, ukaniletea ya W. Baba hakuwahi kunijibu swali ambalo sikumwuliza. Lakini hilo peke yake ningeweza kulisamehe, mgonjwa anakosea. Ni zile tiki, Shangazi. Wewe uliziandika kwa uangalifu, kila neno na yake, na nafikiri ulidhani ni sehemu ya Kiingereza. Katika daftari la Baba, neno akishanipa mimi analiwekea tiki, ili asije kunipa neno moja mara mbili. Hayo matano alinipa nikiwa kidato cha pili, WHELK alinichorea hadi konokono wake. Kama Baba angekuwa amelala pembeni yako, hata bila ulimi, hata bila mkono, angekuzuia kuandika ukurasa ule. Basi nikajua hakuwa pembeni yako. Nikajua pia kwamba umekaa peke yako na daftari lake usiloweza kulisoma.

Nilikwenda chooni kwa sababu ndiko kwenye mlango wa kufunga. Kesho yake nikamwuliza Mwalimu Blandina mbele ya ubao, "Mwalimu, unadhani Baba atawahi Bungu?" Akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Sikusema, kwa sababu ningesema ungelazimika kunijibu. Nikaona kama unabeba mzigo ule kwa ajili yangu, na mimi nikijifanya siuoni, basi angalau tumeshika ncha mbili. Lakini ilikuwa vigumu, Shangazi. Bwenini hakuna aliyejua. Siku ya mtihani wa Baiolojia machozi yalinitoka kwenye swali la moyo na mishipa ya damu, na wenzangu wakidhani naogopa mtihani wakanipa pole ya mtihani. Nikaipokea. Niliwaambia asante. Hiyo ndiyo pole pekee niliyopewa kwa ajili ya Baba yangu.

Unauliza, ingawa hukuandika, kama nimekusamehe. Sijui bado. Namsikitikia yule msichana wa darasa la saba aliyerudi akakuta kitanda cha baba yake kina mtu mwingine, na yeye nimemsamehe. Wewe nipe muda. Ninakupenda hivyohivyo.

Mtihani niliufanya vizuri. Nimeandika hili kwa sababu ni haki yako kulijua, wala usiniulize tena.

Nitakuja Jumanne na boti ya Azan, maji yakijaa. Najua huko mmeshasoma arobaini, mmeshaosha vyungu vya watu na kuvirudisha, na maisha yamekaa sawa. Watakuja wanawake kunipokea wakisema, "Umekua, umenenepa, mtihani ulikuwaje?" Naomba wasinipokee hivyo. Tandika mkeka ndani kama siku ile. Mwite Maimuna, na wote waliokuwepo, wajifunge kanga zao na wakae. Nikiingia, mnipe pole kama Baba amefariki asubuhi ya leo, mmoja mmoja, kwa mkono, na mtu anieleze tangu mwanzo alivyoumwa, alivyooshwa, nani aliingia kaburini kumpokea. Mimi kwangu msiba haujafika. Umekaa njiani miezi minne ukinisubiri nimalize.

Sijalia kwa sauti hata mara moja. Nafikiri nitaanza nikiwa mtoni, nikiona paa la nyumba. Ukinisikia, Shangazi, usitoke kuja kuninyamazisha.

Mwanao,
Salwa binti Ridhiwani